Filamu Iliyoonwa na Rampur Nzima

Makoti ya Bendi ya Gulfam nayapiga pasi mimi, Sabiha, mjane wa Mujtaba. Kama umewahi kuozesha hapa Rampur basi umeyaona: mekundu, mabegani nyuzi za dhahabu, na vifungo vya shaba ambavyo kila msimu wa harusi vinang'oka na kila msimu nalaumiwa mimi. Huwezi kushika koti la mtu miaka nenda miaka rudi usimjue. Mpiga ngoma kubwa anaficha tambuu mfukoni na kuapa ameacha. Wa klarineti hutoka jasho upande wa kulia tu, sijui kwa nini. Koti la Masta linarudi safi kama lilivyokwenda, isipokuwa kola, maana hina ya nywele zake huvuja akishapuliza nyimbo mbili tatu. Nimemwambia aache hina. Anasema bi harusi hawezi kuagwa na mzee.

Masta ndiye Latafat Husain, kiongozi wa bendi na jirani yangu. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Mkewe Qamar alifariki, mabinti wameolewa mbali, na yeye asubuhi hufanya mazoezi ya tarumbeta akiwa ameliziba na kitambaa ili asinisumbue. Nikamwuliza siku moja, tangu lini kitambaa kikazuia tarumbeta? Akaniomba radhi, kesho yake akatia vitambaa viwili. Ndivyo alivyo. Hazungumzi kabla ya chai, hagusi pilau ya harusi mpaka watu wa bi harusi wawe wameshakula, na ukimsifu anageuka kutazama aliye nyuma yake.

Jambo moja tu katika maisha yake lilikuwa la uongo, na lilianza hivi.

Akiwa kijana alipigia bendi ya Ustadh Banne, ambaye siku hizi ni marehemu. Banne alikuwa na amri moja: bendi inapiga nyimbo za filamu, basi. Ukimletea ulichotunga mwenyewe anakufukuza. "Watu wanataka walichokisikia sinema," alikuwa akisema, "hawataki kamasi zako." Na kweli, kuna mpiga klarineti aliyewahi kujaribu wimbo wake mbele ya wageni, baba wa bwana harusi akapiga kelele kwamba anapigiwa muziki wa matanga.

Basi ikafika zamu ya dada mkubwa wa Latafat kuolewa, Shakila, yule aliyemlea tangu mama yao alipokufa. Banne akatoa bendi kama zawadi. Wiki nzima Latafat alikuwa na mahadhi fulani kichwani, hayatoki. Wakati bi harusi anaondoka, kila mtu huwa analia: baba analia, shangazi wanalia, hata yule jirani mgomvi analia. Mwenye tarumbeta haruhusiwi. Midomo ikilegea kidogo tu, sauti inakatika. Dada yake akasimama mlangoni, shangazi wakapaka kizingiti msandali kama desturi yao, na Latafat badala ya kupiga wimbo waliokubaliana akapiga ule wa kichwani mwake.

Baba mtu akakaa chini kwenye ngazi. Wimbo ulipoisha Banne akamfuata Latafat macho yamemtoka.

"Huo wa filamu gani?"

Latafat akaangalia chini, akaona ule msandali, akasema la kwanza lililomjia: "Sandali ki Dehleez." Ni kama kusema Kizingiti cha Msandali.

Alidhani atazabwa kofi. Banne akatikisa kichwa taratibu, akavuta tambuu yake upande wa pili wa mdomo. "Aaa, ile. Nimeiona. Mwanzo mzuri, mwisho wameharibu."

Hapo ndipo uongo ulipoota miguu, na miguu yenyewe si ya Latafat. Wimbo ulipendwa. Kila binti aliyeondoka kwao Rampur aliondoka nao, na kuna akina baba waliokataa kufungua mlango mpaka uishe. Filamu nayo ikakua. Nanhe kinyozi akawa anaeleza jinsi mwanamke mle ndani anavyokufa kwenye treni. Fundi cherehani Aftab akasema hafi, anapofuka, halafu anapona akisikia wimbo. Waligombana hao wawili mbele ya wateja wote wa kinyozi, mmoja ana povu nusu uso, mwingine anapiga meza, kwa ajili ya mwisho wa filamu ambayo haikuwahi kupigwa hata picha moja. Na Mujtaba wangu, Mungu amrehemu, aliniambia aliiona mara mbili, sinema ya karibu na stesheni. Nilimnunia. Kwa nini hakunichukua? Nilimnunia miaka, wala sitanii, kila nikisikia ule wimbo namkata jicho.

Latafat akanyamaza. Afanye nini? Akisema ni wake, hautatakiwa tena. Akisema ni wa filamu, anaupiga kila wiki, na watu wanalia. Alimwambia Qamar peke yake. Qamar alicheka mpaka akamwaga dengu, halafu akasema, "Mimi nakujua. Inatosha." Naye alipokufa, hakubaki anayejua.

Msimu wa baridi uliopita, kampuni moja kubwa ya muziki ya Mumbai ikatoa wimbo mpya. Kijana mwororo anaimba, chini yake ngoma za kompyuta zinagonga kama mtu anayepigilia misumari, na katikati ya yote hayo, yaleyale mahadhi. Ulikuwa kwenye kila simu. Watu wakamjia Masta na furaha.

"Masta! Umesikia? Wameitoa upya ile ya Sandali ki Dehleez!"

"Nimesikia."

"Lakini ya kwako bado inawashinda!"

"Asante, ndugu yangu."

Mimi nilichoona ni kwamba asubuhi palikuwa kimya upande wa pili wa ukuta. Hakuna kitambaa, hakuna tarumbeta. Nikadhani anaumwa, nikampelekea supu ya kuku. Akanishukuru, akanirudishia bakuli limeoshwa, na asubuhi iliyofuata kimya kilekile.

Kisha ikaja harusi ya ile hoteli mpya, barabara ya kwenda Bareilly. Mchana, ukungu haujaondoka vizuri, bi harusi anatolewa, bendi imejipanga uani. Masta anainua tarumbeta, anaanza ule wimbo. Meneja wa hoteli anakuja mbio, nyuma yake kijana amevaa kitambulisho shingoni.

"Mzee, samahani, huo usiupige. Una wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Kampuni," kijana akasema. "Mwenye hoteli alipie kibali au msiupige. Mimi nimetumwa tu, mzee wangu, usinikasirikie."

Baba wa bwana harusi alikuwa ana haraka, gari linangoja. "Masta, piga mwingine basi. Nyimbo si ziko nyingi?"

Akapiga mwingine.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu na koti lake mkononi, limekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

"Sabiha, hili usilipige pasi. Sitalivaa tena."

"Limekukosea nini?"

"Nimekatazwa kupiga wimbo wangu."

"Wimbo wako tangu lini? Si wa filamu ule?"

"Wangu. Niliutunga mimi. Filamu hakuna."

Nikacheka. Nilicheka sana, nikamwambia Masta, asubuhi njema hii inaanza na utani, na mume wangu mwenyewe ameiona mara mbili. Hakucheka. Alisimama pale mlangoni, akanieleza yote: Shakila, msandali, Ustadh Banne na tambuu yake. Nilimsikiliza mpaka nikasikia harufu. Nilikuwa nimeunguza mkono wa koti la mpiga ngoma, tundu la kupitisha yai. Nililia, na nikasema wazi nalia kwa hasira. Nilikuwa na hasira na ile kampuni, na Mujtaba vilevile. Alikuwa wapi basi zile mara mbili?

Nikampeleka kwa wakili Mridula Saxena. Ofisi yake iko juu ya duka la dawa, karibu na mahakama, na nilimjua kwa sababu nilipiga pasi makoti ya siku aliyoolewa. Alipomwona Masta akasimama.

"Masta sahib! Wewe ndiye uliyemliza baba yangu. Hakuwahi kulia kabla wala baada."

"Ndilo lililonileta, binti yangu."

Alimsikiliza. Ni mtu wa kusikiliza, hana papara. Kisha akamweka sawa.

"Tuanze na hoteli. Sheria ya hakimiliki inasema muziki unaopigwa kwenye harusi, pamoja na msafara na shamrashamra zake, si kosa. Makampuni hayaipendi ibara hiyo. Kila msimu wanavutana na mahoteli: mtu wa muziki akifunga spika ukumbini, ile ni harusi au ni biashara ya hoteli? Jaji huyu hivi, jaji yule vile, na bado wanabishana. Lakini bendi inayomuaga bi harusi mlangoni? Hiyo ni harusi tu. Walikuonea."

"Kwa hiyo naweza kuupiga," Masta akasema.

"Piga mpaka uchoke."

Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Masta hakuinuka.

"Binti yangu, sikuja kuomba ruhusa ya kupiga. Maisha yangu yote nimepiga nyimbo za watu na hakuna aliyenizuia, sheria imenilea. Nataka isemwe kwamba huu ni wangu. Nikifa uwe na jina langu. Ni huu mmoja tu."

Mridula akaacha kalamu. Akamwambia zamani sheria ilitaka muziki uwe umeandikwa ndipo utambuliwe kuwa wa mtu, lakini siku hizi sharti hilo limeondolewa. Aliyetunga ndiye mwenyewe tangu siku alipotunga, hata kama hakujisajili popote, na akifa warithi wake wanabaki na haki hiyo miaka sitini.

"Shida ni kujua nani alitunga," akasema. "Nani alikusikia ukisema ni wako?"

"Qamar."

"Mwingine?"

Masta akageuka kutazama nyuma yake, kama kawaida yake, lakini safari hii nyuma palikuwa na kabati tu.

Basi nikajitia mbele. Nikasema mashahidi nitawatafuta mimi, mji mzima unamjua Masta, nani atakataa? Sikujua ninachokitafuta. Nilianza kwa Nanhe kinyozi.

"Wa Masta? Sabiha, wacha bangi. Mimi nimeiona filamu."

"Nanhe, filamu haipo. Masta aliizua."

"Aizue nini? Mwanamke anakufa kwenye treni, nililia na leso yangu mwenyewe! Unaniambia nililia bure?"

"Sijui ulilia nini, lakini si hiyo."

"Basi mimi mwongo. Sema. Nanhe mwongo!"

Kwa Aftab fundi cherehani ikawa vilevile, ila yeye alitoka nje akaita majirani wasikie anavyotukanwa. Muuza chai akasema Masta amezeeka, kichwa kinamcheza, watu wamhurumie. Mwalimu mstaafu wa shule ya wavulana, mtu wa heshima zake, akanieleza kwa upole kwamba yeye anayo hata kumbukumbu ya rangi ya sari. Ya kijani. Nikarudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kufua makoti yote.

Masta mwenyewe alikwenda kuwaomba radhi. Alisimama pale kwa kinyozi mbele ya wote akasema, "Ndugu zangu, niliwadanganya. Nilikuwa kijana, niliogopa kufukuzwa." Walipodanganywa walimpenda, aliposema kweli walimchukia. Nanhe alimnyoa siku hiyo, akamkata kidogo kidevuni, na sidhani mkono uliteleza. Mialiko ya bendi ikapungua. Watu wakawa wanasema heri wamwite mwenye bendi wa Moradabad, yule hajitii kuwa mtunzi.

"Ningekaa kimya," akaniambia kupitia dirishani.

"Ungekaa kimya ningekuunguza na pasi," nikamjibu. Nilimaanisha.

Mridula akaiandikia kampuni. Tulidhani hawatajibu, lakini siku moja akatuita: wametuma mwanasheria wao kutoka Delhi. Jina lake Khurana, suti nzuri ya kijivu, mtu mpole kabisa, aliniita dada na akamshika Masta mkono kwa mikono miwili. Ikaletwa chai na sambusa. Mridula akamwuliza bila kuinua sauti: mahadhi yale kampuni imeyapata wapi?

"Tumefuata kila taratibu, madam," Khurana akasema. "Hatuibi nyimbo za wazee wetu. Vijana wetu waliusikia hapahapa, kwenye harusi, wakauliza ni wa wapi. Ni wa filamu ya zamani, Sandali ki Dehleez. Na kama unavyojua, wimbo uliotungwa kwa kulipwa na mwenye filamu ni wa mwenye filamu. Tukanunua haki kwa warithi wa mtayarishaji."

Nikamwangalia Masta. Mdomo ulikuwa umeshafunguka anataka kusema. Mridula akamsogezea sahani mpaka ikamgusa kifua.

"Masta sahib, kula sambusa."

"Lakini binti yangu..."

"Zitapoa."

Masta akatia sambusa mdomoni. Mridula akamgeukia mgeni wake, anatabasamu kama shangazi anayeuliza habari za watoto.

"Sikuijua kumbe. Ni filamu ya aina gani?"

"Ya familia. Ya machozi," Khurana akasema. Alikuwa ameshalegea, anapuliza chai. "Mwenyewe nilikuwa mdogo, lakini mama yangu aliipenda mno. Kuna pahala mwanamke anapofuka."

Sikuweza. Nilijifunika uso na mtandio nikajifanya nakohoa. Aftab angekuwepo angembusu.

"Vizuri," Mridula akasema. "Basi tuletee jina la mwigizaji mmoja, au bango, au mrithi mmoja tu tumpigie simu sasa hivi, simu hii hapa."

Khurana akafungua mkoba, akaufunga. Akasema kumbukumbu ziko Mumbai. Akasema zamani mambo hayakuhifadhiwa vizuri. Masta alikuwa amemaliza sambusa. Akafuta vidole, akasema kwa adabu kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa:

"Bwana Khurana, filamu hiyo niliizua mimi. Jina tu. Hata hadithi sikuipa, hadithi wamejitilia watu. Mama yako na anisamehe."

Nadhani kama angepiga meza na kufoka, yule mtu angejua la kufanya. Upole ule ulimmaliza. Lakini ni mwanasheria, na mwanasheria hakosi mlango wa nyuma.

"Tuseme filamu aliizua," akasema taratibu. "Hiyo haithibitishi kwamba wimbo ni wake. Labda aliusikia kwa mwingine, akauchukua, akaupa jina. Bendi si ndiyo kazi yao, kupiga vya watu? Ni nani aliyeusikia kwake kabla ya siku hiyo?"

Ni swali la haki, hata mimi nilikubali, ingawa kwa kuuma meno. Na hapo Masta akasema jina ambalo ningepaswa kulifikiria tangu mwanzo, badala ya kuzunguka kwa vinyozi.

"Shakila."

Dada yake aliolewa Amroha. Ni bibi sasa, magoti hayampandishi ngazi. Mridula akampigia palepale, akaweka sauti wote tusikie. Akamwuliza: bibi, huu wimbo wa Sandali ki Dehleez unaufahamu?

"Wa nini?"

"Sandali ki Dehleez, bibi. Filamu."

"Filamu gani tena? Mimi sinema sijakanyaga maisha yangu. Baba mkwe alikuwa mkali, Mungu amrehemu, hata redio alikuwa anaiweka chini ya kitanda." Kisha akasema, "We nani kwanza?"

Mridula akamwomba Masta auimbe kwa midomo iliyofungwa. Masta akauimba, sauti ndogo, macho chini. Hakufika mbali.

"Huo?" Sauti ya bibi ikabadilika. "Huo alikuwa ananiimbia Latafat jikoni, wiki ile nakaribia kuondoka. Hauna maneno. Mimi nakanda unga, yeye amekaa kando ya mtungi, anadhani simsikii. Kila siku anauongeza kidogo. Mwisho wake alikuwa hajaujua bado, alikuwa anakwama pale pale, na mimi nakanda taratibu ili nisimkatishe. Latafat, upo hapo? Mbona umenyamaza?"

"Nipo, dada."

"Umekula?"

"Nimekula sambusa."

Rampur nzima iliiona ile filamu. Ni Shakila peke yake hakuiona, na neno lake ndilo lililotosha. Akaapa kwa maandishi mbele ya hakimu wa Amroha, na akina Khurana hawakutaka jambo lifike mahakamani, likasomwe na watu wote kwamba wamenunua haki za filamu isiyokuwepo. Walikubaliana nje ya mahakama. Jina la Latafat Husain likaandikwa chini ya wimbo kama mtunzi, na fungu lake analipata. Ni kiasi gani, hilo ni lake yeye na Mungu wake. Jina lenyewe ni herufi ndogo kama kichwa cha sindano. Alikuja nimsomee kwenye simu yangu. Nikamsomea. Akaondoka, akarudi, akasema hakusikia vizuri kwa sababu ya kelele za barabarani. Barabarani palikuwa kimya, lakini nilimsomea tena.

Usidhani mji ulijirudi. Nanhe sasa anasema filamu ilikuwepo, ila kampuni wamechoma mikanda ili kuficha ushahidi. Aftab, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, anakubaliana naye.

Mwezi wa pili mjukuu wa Shakila akaolewa, na bibi akasema bendi ni ya Rampur au harusi hakuna. Tukaenda Amroha. Mimi nilikwenda na pasi yangu, makoti yanakunjamana garini, ndivyo nilivyowaambia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwepo. Alasiri bi harusi akaletwa mlangoni, amefunikwa, wanawake wamemzunguka. Kizingiti kimepakwa msandali. Shakila amewekewa kiti pembeni, mkono wake umeshika wa binti. Bendi imejipanga uani, koti la Masta jipya, kola nyeupe bado.

Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye furaha zake kutoka sijui wapi, akapaza sauti.

"Masta! Tupigie ule wa Sandali ki Dehleez!"

Masta alikuwa tayari ameinua tarumbeta. Akalishusha.

"Si wa filamu, bwana. Nimeutunga mimi."

Yule mtu akamtazama juu chini. Hakuwa na ubaya, alivunjika moyo tu, ungemwona.

"Ah. Basi tupigie wa filamu."

Wanabendi wakaangalia viatu vyao. Mimi pasi ilikuwa begini na nilishaanza kuitafuta. Masta akalowesha midomo, akamgeukia mpiga klarineti na kumwonyesha kwa kidole ni wimbo gani mwingine, kama alivyozoea maisha yake yote kumpa mteja anachotaka. Uso wake haukuonyesha kitu. Tarumbeta lilikuwa linapanda mdomoni.

"Latafat," Shakila akasema kutoka kitini. Hakupaza sauti. "Piga wangu."

Akaupiga. Nimeusikia kupitia ukutani na kupitia vitambaa, nimeusikia kwenye harusi nisizoweza kuzihesabu, na sijawahi kuusikia hivyo. Alifika karibu na mwisho, pale aliposema dada yake kwamba alikuwa anakwama, na sauti ikakatika. Klarineti ikauchukua haraka, ngoma zikausindikiza mpaka mwisho. Masta hakuurudia. Alisimama na tarumbeta kifuani, analia wazi mbele ya watu wote, kola inaingia hina, na mtu aliyemlea anamtazama bila kumkataza. Bi harusi alingoja kizingitini mpaka Masta, babu yake, amalize kulia, ndipo akavuka.